Kwa nini Ken hasemi? Mapenzi ya waliokua pamoja katika tamthilia za Kijapani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetazama tamthilia za Kituruki na Kikorea kwa miaka mingi. Juzijuzi binti yangu aliniwekea ya Kijapani, Proposal Daisakusen ya mwaka 2007, tukaimaliza yote, sehemu 11, tukisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Kijana Ken anampenda Rei tangu shule ya msingi. Anakwenda kwenye harusi ya Rei kama mgeni, anapewa bahati ya kurudishwa nyuma tena na tena, na kila akirudi bado hasemi! Nilitamani kuingia kwenye runinga nimsemee. Je, huu ni uandishi mbovu au ndivyo Wajapani walivyo? Pili, huku kwetu Tanga kijana uliyekua naye mtaa mmoja ni kaka yako. Wao mapenzi wanayaonaje hapo? Na baada ya hii nitazame nini?

JIBU: Marahaba, dada. Uandishi si mbovu. Ken ana vya kupoteza vingi kuliko mpenzi yeyote uliyemzoea katika tamthilia za Kikorea, na mwandishi wake, Kaneko Shigeki, ameijenga hadithi nzima juu ya hofu hiyo. Kwamba katikati inachosha, hilo sikatai, ila lawama ya hapo naipeleka kwa kituo cha televisheni, nitafika huko.

Kwa faida ya wengine wanaosoma, nieleze kisa kwa ufupi, na asiyetaka kuambiwa mwisho aruke aya hii na inayofuata. Ken Iwase, anayeigizwa na Yamashita Tomohisa, amekaa kwenye harusi ya Rei Yoshida, ambaye ni Nagasawa Masami. Bwana harusi ni Tada, mtu mzima kidogo kuliko Ken, mpole, hana hila wala ubaya wa kumchukia. Picha za zamani zinaonyeshwa ukutani moja baada ya nyingine, na kila picha inamkumbusha Ken siku aliyoharibu jambo. Ghafla wakati unasimama. Anatokea bwana mmoja wa makamo aliyevaa nadhifu, asiye na mabawa wala mwanga, anajitambulisha kuwa ni roho wa kanisa lile, na anampeleka Ken kwenye siku ya picha. Ken anakimbia, anahangaika, anarekebisha. Akirudi ukumbini, picha imebadilika kidogo tu. Bibi harusi ni yuleyule, na bwana harusi ni yuleyule.

Sasa tazama tena anachorekebisha. Alipochelewa, anawahi. Aliposahau, anakumbuka. Alipozembea, anajitahidi mpaka jasho linamtoka. Anafanya kila tendo isipokuwa lile moja, na matendo yote hayo ni njia ya kulikwepa hilo moja. Siku anapofumbua kinywa hayuko zamani tena. Yuko palepale harusini, amepewa nafasi ya kuhutubia kama rafiki, mbele ya wazazi na wageni, na nguo ya harusi imeshavaliwa. Kwa maoni yangu huo ndio ufundi mkubwa wa mswada huu. Safari zote za kurudi nyuma alipewa ili aone, na sisi tuone, kwamba tangu mwanzo hakupungukiwa na muda.

Alipungukiwa na nini, basi? Fikiria mtu anayemtongoza mgeni. Akikataliwa anapoteza tumaini la juma moja, anarudi kwao, maisha yanaendelea. Rei akimkataa Ken, Ken anapoteza rafiki wa tangu utotoni, na pamoja naye nafasi yake katika kundi zima, Tsuru, Mikio na Eri, wale walioshinda pamoja tangu enzi za timu ya besiboli ya shule. Anapoteza hata ile raha ya kuitwa Kenzo, jina la utani ambalo Rei analitamka kana kwamba alizaliwa akilijua. Na kuna hasara nyingine ambayo mapenzi ya wageni hayana: neno likishasemwa linarudi nyuma kuchafua na miaka iliyopita. Siku ile uliyonisindikiza, kumbe ulikuwa na lako moyoni? Na ile zawadi je? Utoto wote unafunguliwa upya kama kesi. Ken anaogopa kumkosa Rei wa kesho, lakini anaogopa zaidi kumpoteza Rei wa jana.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba “ndivyo Wajapani walivyo”. Jibu limo ndani ya tamthilia yenyewe. Mtazame Tsuru, yule mchekeshaji mfupi. Anampenda Eri na halifichi. Anamwambia, anakataliwa, anarudi tena na uso mkavu. Ni Mjapani vilevile, shule ileile, kundi lilelile. Na kile kipindi maalumu cha Machi 2008 kinachoendeleza hadithi ni harusi ya nani? Ni ya Tsuru na Eri, huko Hawaii. Mwandishi aliweka jibu lako pembeni ya meza, kwa mtu ambaye wengi wetu tulikuwa tukimcheka.

Hata hivyo kuna desturi moja ambayo mtazamaji wa Afrika Mashariki inafaa aijue, maana bila hiyo mengi yataonekana ni ujinga. Kwa vijana wengi wa Japani uhusiano huanza rasmi kwa tamko. Mmoja anasimama mbele ya mwenzake, mara nyingi kwa woga unaoonekana, anasema kwamba anampenda na anaomba wawe pamoja. Mwenzake anajibu ndiyo au hapana. Kabla ya hapo, hata kama wanakula pamoja, wanatembea pamoja na kulia pamoja, hawahesabiki kuwa wapenzi. Ichukulie kama posa: mnaweza kujuana miaka na mitaa yote ikasema mnafaana, lakini mpaka barua ipelekwe hakuna kilichofanyika. Tofauti ni kwamba huku posa inabebwa na wazee, na aibu ya kukataliwa inagawanywa ukoo mzima. Kule kijana wa miaka 17 anaibeba peke yake, nyuma ya jengo la shule.

Ndiyo maana tamthilia hizi zina alama nyingi ndogo zinazosimama mahali pa tamko. Mojawapo ni kitufe cha pili cha koti la sare ya shule ya wavulana, ambacho msichana humwomba mvulana siku ya kumaliza shule. Kinachaguliwa cha pili kwa sababu ndicho kilicho karibu na moyo. Asiyejua ataona mtu anaomba kitufe tu.

Tena mapenzi haya ya waliokua pamoja hayakuanza na televisheni. Katika Ise Monogatari, mkusanyo wa visa na mashairi wa karne ya 10, kisa cha 23 kinahusu watoto wawili wa mashambani waliokuwa wakicheza kando ya kisima. Wakakua, wakaanza kuoneana haya, wakaacha kukutana. Mvulana akaazimia kwamba atamwoa huyu tu, na msichana akawa anakataa wachumba walioletwa na wazazi wake. Siku moja mvulana anatuma shairi. Maudhui yake: kimo changu tulichokuwa tukikipima kwenye ukingo wa kisima kimeupita ukingo ule tangu tulipoonana mara ya mwisho. Msichana anajibu kwamba nywele zake, walizokuwa wakizilinganisha urefu, sasa zimepita mabega, na kama si yeye, nani mwingine atakayezifunga juu? Kufunga nywele ilikuwa dalili ya msichana kuwa mtu mzima. Wakaoana.

Humo hakuna “nakupenda”. Mmoja kasema nimerefuka, mwenzake kajibu na mimi pia, na ndoa ikapatikana. Kisa hakiishii hapo. Baadaye wazazi wa mke wanafariki, mali inapungua, mume anaanza kwenda kwa mwanamke mwingine huko Takayasu. Mke hamgombezi. Mume anashuku: kwa nini hakasiriki, ana mtu? Anajifanya ameondoka, anajificha bustanini, na anamsikia mkewe akighani shairi la kumhofia yeye, anayevuka mlima Tatsuta peke yake usiku. Safari za Takayasu zikakoma. Utaona kwamba hata upole wa mke katika kisa hicho una makali. Zeami, bingwa wa No, michezo ya kale ya jukwaani ya Kijapani, alikitengenezea mchezo wa jukwaani, na kisima kile bado kinaonyeshwa jukwaani hadi leo.

Miaka mia tisa hivi baadaye mwandishi wa kike Higuchi Ichiyo, ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 5,000 kuanzia 2004, alitunga hadithi ya Takekurabe, iliyotoka mwaka 1895 hadi 1896. Hawa ni watoto wanaokulia ukingoni mwa Yoshiwara, mtaa wa madanguro ya Tokyo. Midori, ambaye dada yake ni kahaba maarufu, anajua naye ataelekezwa huko. Nobuyuki ni mtoto wa hekalu na atakuwa mtawa. Siku ya mvua ukanda wa kiatu cha Nobuyuki unakatika mbele ya lango la Midori. Msichana anamtupia kipande cha kitambaa chekundu afungie. Mvulana hakiokoti. Yamekwisha hayo, na mpaka leo wasomaji hawajakisahau kitambaa kile kilichobaki kwenye tope. Ichiyo alifariki mwaka huohuo wa 1896, akiwa na miaka 24.

Kwa hiyo mwandishi wa televisheni wa mwaka 2007 alipomweka mtu anayeshindwa kusema mbele ya watazamaji wa Japani, hakuwa na haja ya kuwafafanulia. Walishamjua.

Nije kwenye swali lako la Tanga, ambalo ndilo nililolipenda zaidi. Una hoja, na si ya Tanga peke yake. Mwanaanthropolojia wa Finland, Edvard Westermarck, aliandika mwishoni mwa karne ya 19 kwamba watoto wanaolelewa pamoja kwa ukaribu hupoteza hamu ya kimapenzi baina yao. Baadaye Joseph Shepher alipitia ndoa 2,769 za watu waliokulia katika makazi ya kijamaa ya Israeli, ambako watoto wa rika moja walilelewa pamoja, akakuta ndoa 14 tu baina ya waliokuwa kundi moja. Lakini angalia umbali uliopo kwenye tamthilia. Ken na Rei hawakulala chumba kimoja wakiwa wachanga. Wamekutana shuleni, wana nyumba mbili na wazazi mbalimbali. Wako karibu kiasi cha kujuana, mbali kiasi cha kutamaniana. Waandishi wanaujua mpaka huo vizuri sana. Na ile hisia ya “huyu ni kama ndugu” wanaitumia kama kikwazo, maana ndiyo kisingizio ambacho wahusika hujificha nyuma yake miaka yote.

Je, Wajapani wenyewe huoana hivyo? Mara chache mno. Tafiti za taifa za uzazi na ndoa huwauliza wanandoa walikutana wapi, na wanaotaja utotoni au ujirani huwa kati ya 1 na 3 kwa kila 100. Kinachonivutia ni mabadiliko ya jumla. Miaka ya 1930 takriban ndoa 7 kati ya 10 zilipangwa kwa washenga. Katika miaka ya 1960 ndoa za kuchaguana wenyewe zikazidi, na leo za kupangwa ni chache sana. Mtu aliyehama kijijini kwenda Tokyo kutafuta kazi alipata uhuru wa kuchagua, lakini alichagua miongoni mwa watu ambao mama yake hawajui. Rafiki wa utotoni anaziba pengo hilo: umemchagua mwenyewe, na bado wazazi wanamjua, wanawajua na wazazi wake. Ni ndoto inayopatanisha mambo mawili ambayo maisha yameyatenganisha. Nadhani hiyo ndiyo sababu anaonekana sana kwenye skrini kuliko kwenye daftari la ndoa.

Na ule uchovu wa katikati? Televisheni ya Japani huugawa mwaka katika misimu minne, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Tamthilia ya jioni hupewa msimu mmoja, sehemu 9 hadi 11 hivi, moja kwa wiki. Proposal Daisakusen ilionyeshwa na Fuji TV Jumatatu saa 3 usiku, kuanzia Aprili 16 hadi Juni 25, 2007. Saa hiyo ya Jumatatu ina heshima yake, kwa miaka mingi ilikuwa kiti cha mapenzi. Mtazamaji aliona safari moja ya Ken, kisha akawa na siku 6 za kuibishania kazini na kwenye treni. Wewe na binti yako mmezimeza mfululizo, na dawa ya wiki 11 ikinywewa siku mbili lazima isumbue tumbo. Hata hivyo kweli zipo safari mbili tatu zinazofanana mno. Kituo kilitaka sehemu 11, mwandishi alikuwa na hadithi ya 8. Wakorea waliitengeneza upya mwaka 2012 kwa sehemu 16, Yoo Seung-ho na Park Eun-bin wakiigiza. Ukitaka kulinganisha unaweza, lakini mimi sikuona sababu ya kuirefusha.

Jambo jingine la vitendo. Maandishi ya Kiingereza yanakuficha namna wanavyoitana. Wajapani wasiojuana sana huitana kwa jina la ukoo, tena kwa neno la heshima mwishoni. Kuitana kwa jina la kwanza, kavukavu, ni haki ya walio karibu sana, kama hawa waliokua pamoja. Unaweza kulisikia kwa masikio hata bila kujua lugha: ona nani anasema Rei na nani anasema Yoshida, na lini mtu anavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Na nakuomba usiitafute iliyotafsiriwa kwa sauti. Ndugu zetu wanaosimulia juu ya picha ni mafundi, nimecheka nao sana kwenye filamu za mapigano, lakini kimya hawakiachi. Wakikiona wanakijaza, na tamthilia hizi nusu yake ni kimya.

Sasa utazame nini. Ya kwanza ninayokupa ni Hanbun, Aoi, ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, iliyoandikwa na Kitagawa Eriko. Usitishike na idadi: ni sehemu 156, lakini kila moja ni dakika 15, maana ni tamthilia ya asubuhi. Ilirushwa Aprili hadi Septemba 2018, kila siku isipokuwa Jumapili, saa 2 asubuhi, watu wakinywa chai. Suzume (Nagano Mei) na Ritsu (Sato Takeru) wamezaliwa siku moja, hospitali moja, katika mji mdogo mkoani Gifu, tarehe 7 Julai 1971, ambayo ni sikukuu ya nyota mbili zinazopendana na kukutana mara moja kwa mwaka. Suzume anapoteza usikivu wa sikio la kushoto akiwa mtoto, mvua anaisikia upande mmoja tu wa mwavuli. Kitagawa mwenyewe amepoteza usikivu wa sikio la kushoto, na unauona ujuzi huo katika kila tukio linalohusu sauti. Akimtaka Ritsu, Suzume anapuliza filimbi chini ya dirisha lake.

Nakupa hii hasa kwa sababu inaijibu hasira yako kwa upande wa pili. Humu neno linasemwa! Ritsu anamwambia Suzume waoane, wakiwa kwenye kituo cha treni cha Natsumushi, bila utangulizi. Suzume yuko katikati ya kupigania kazi yake ya kuchora manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, anajibu kwamba haiwezekani, akimaanisha kwa sasa. Ritsu anasikia hapana. Anamwoa mwingine. Baadaye Suzume naye anaolewa kwingine, anapata mtoto, ndoa inavunjika. Wanakuja kurudiana wakiwa watu wa makamo, wakitengeneza feni yenye upepo mwanana. Wapo waliolalamika kwamba inazunguka sana, hasa baada ya Suzume kuacha manga, na wana haki, miezi ya katikati ina mambo mengi yasiyoungana vizuri. Ila sijaona tamthilia nyingine iliyo na subira ya kuonyesha kwamba kusema peke yake hakutoshi kama mnaojuana sana mmezoea kutosikilizana.

Ya pili, kwa sehemu 11 tu, ni Tokyo Love Story ya 1991. Kanji ametoka mkoa wa Ehime kuja kufanya kazi Tokyo, anakutana na Rika, mwanamke anayesema kila kilicho moyoni. Katika manga ya asili ya Saimon Fumi, Rika alikulia Afrika. Televisheni ikambadilisha, ikasema Marekani. Kanji naye ana Satomi, aliyesoma naye kwao. Sikuambii anamchagua nani, lakini ukiwa ulikasirika na Ken, jiandae kugombana na nyumba nzima. Binti yako atakuwa upande wa Rika. Wewe sina hakika.

Anza na Hanbun, Aoi, sehemu mbili kila asubuhi kabla ya shughuli, zisizidi. Wiki mbili za mwanzo Suzume ni mtoto mdogo na Nagano Mei haonekani kabisa isipokuwa kwa sauti na vipande, kwa hiyo usidhani mmewekewa tamthilia siyo.